Leo nimeingia maabara ya kompyuta kwa akaunti yangu

Wiki ya tatu hii tangu nianze chuo hapa Tabora, kazi zangu zote nachapia steshenari ya karibu na soko. Hela ya chakula inaishia huko. Akaunti ya kompyuta haifunguliwi bila namba ya usajili, na yangu ilikuwa haitoki. Ada nimelipa, risiti ninayo! Uhasibu wananipeleka usajili, usajili wananirudisha uhasibu. Iliniuma sana.

Leo dada anayesimamia maabara akaniambia, "Mdogo wangu, hebu lete cheti chako nione." Kumbe namba yangu ya mtihani wa kidato cha nne iliingizwa vibaya, tarakimu moja tu. Akanisindikiza mwenyewe kwenda kurekebisha. Mungu ambariki.

Nikapewa nywila ya muda, nikaibadilisha palepale. Akasisitiza nifunge akaunti kila ninapoinuka, maana mashine tunatumia wengi.

Wenzangu wa mwaka wa kwanza, kagueni namba yenu ya mtihani wa kidato cha nne leo, msisubiri.

Nimekaa kompyuta ya dirishani, inayotazama miembe, mpaka walipokuja kufunga.