Mpira wa elfu nne

Kwa miaka mitatu gari langu lilikuwa linanisalimia kwa Kijapani. Ukiliwasha tu, sauti ya dada mmoja mpole inatoka kwenye kidude kilicho chini ya dashibodi, inasema sentensi yake moja, inanyamaza. Mimi namwitikia "marahaba", naondoka. Aliyeniharibia starehe ni mwanafunzi wangu wa kidato cha tatu, mpenzi wa katuni za Kijapani, siku nilipompa lifti: "Madam, anasema kadi ya ETC haijaingizwa." Ndiyo kadi ya kulipia barabara za kulipia huko kwao. Kumbe dada wa watu alikuwa ananidai kila asubuhi, na mimi naitikia shikamoo ambayo hakuitoa.

Gari lenyewe ni Toyota IST ya 2003, injini ya 1NZ-FE, nililolinunua 2020 kwa mkopo wa mwalimu. Kwenye droo ya mbele lilikuja na kitabu kinene, Kijapani mwanzo hadi mwisho. Nilikitumia kuinulia kompyuta nyumbani Chuno, hapa Mtwara.

Sasa, Aprili 2024, likaanza kumisi. Ukiwa unakwenda Mikindani, barabara imenyooka, linateleza vizuri tu. Ukisimama kuwapisha watoto wa shule, linatetemeka kama mtu mwenye malaria, halafu linazima. Na ile taa ya njano ya injini ikawaka, ikakataa kuzimika.

Nikalipeleka kwa fundi wangu, gereji ya chini ya mwembe, Chikongola. Lazima niseme kitu kuhusu huyu bwana kabla mtu hajamdharau. Ufundi kaupata kwa marehemu baba yake, kwenye Land Rover zilizokuwa zikipandisha watu Newala. Gari la kabureta akilisikia likipita barabarani anakwambia ugonjwa wake kabla halijafika kona. Sikio lake silitilii shaka mpaka leo. Tatizo ni kwamba gari lenye kompyuta halilalamiki kwa mlio peke yake. Linajitibu kimyakimya, linaficha, likishindwa ndipo linawasha taa. Kinachofuata baada ya taa kimeandikwa mahali, na mahali hapo si chini ya mwembe.

"Koili hizo, madam," akasema, yaani zile zinazopeleka umeme kwenye plagi. Nikaagiza koili mbili za mtumba Kariakoo, Sh 50,000 kila moja, na nauli ya kifurushi kwenye basi. Zikafika kesho yake usiku, nikazifuata stendi. Zikafungwa. Gari likatetemeka vilevile. Tukabadilisha plagi. Vilevile. Ndipo akachukua kipande cha waya, akainama chini ya usukani, akaunganisha tundu la 4 na la 13 kwenye ile soketi ya kupimia, akawasha swichi bila kuwasha injini. Taa ya njano ikaanza kukonyeza: mara mbili, kimya kidogo, mara tano. Akarudia. Mbili, tano.

Nilishangaa. Yaani mtu ana kipande cha waya anazungumza na kompyuta, na zile mashine ndogo za bluetooth za kupimia magari mjini zote zilikuwa zimegoma kuunganika na gari hili la soko la Japani. Nikamuuliza 25 maana yake nini. "Mchanganyiko hafifu, mafuta kidogo hewa nyingi. Hiyo sensa ya oksijeni imekufa." Sensa Kariakoo ikatajwa Sh 180,000.

Hapa wasomaji wa Dar naomba mnielewe. Ninyi mkikosea spea mnapanda bodaboda mnairudisha. Sisi huku kila kubahatisha kuna kilomita zaidi ya 500 ndani yake, kuna siku mbili za gari kulala, na kuna mwenye duka anayekwambia spea za umeme hazirudishwi. Mtu wa Mtwara anayebadilisha kitu kimoja baada ya kingine mpaka abahatike, anaweza kununua gari lile lile mara ya pili kwa vipande.

Nikawa nimeshajiandaa kutuma hela ya sensa. Mwanzoni mwa Mei kikaja Kimbunga Hidaya, mvua zikapiga, barabara ya kutoka Dar ikakatika maeneo ya Somanga kule Kilwa. Mabasi yakakwama. Hakuna kifurushi kinachoingia. Siku zile wengine walikuwa na shida kubwa kuliko taa ya injini, najua. Lakini mimi barabara ile ilinipa kitu nilichokuwa sina, muda wa kusoma.

Kwenye kundi la WhatsApp la wenye IST nikauliza kama kuna mwenye kitabu cha mafundi, si kile cha dereva. Hivi ni vitabu viwili tofauti na wengi tunavichanganya. Cha dereva kinakuonyesha pa kuweka maji na namna ya kurekebisha vioo. Cha mafundi ndicho kinachoeleza taa ikikonyeza namba fulani uanzie wapi, upime nini, ukipata jibu hili uende ukurasa gani. Jamaa mmoja akajibu kwa ufupi: "Tafuta Scion xA."

Sikuwahi kulisikia. Kumbe Scion xA ni IST yetu hii hii, usukani kushoto, iliyouzwa Marekani kwa modeli za 2004 hadi 2006. Injini ile ile. Na kwa kuwa iliuzwa Marekani, kitabu chake cha kiwanda kipo kwa Kiingereza, kurasa kwa mamia, na kilikuwa kinazunguka kwenye kundi hilo tangu zamani bila mimi kukigusa. Nani alikitoa kiwandani sikuuliza, na nakiri hapo nilifumba jicho moja. Nilimwambia mume wangu kwamba kama wangekuwa wananiuzia kihalali ningenunua. Akacheka.

Lakini suala la kununua halikunitoka kichwani, nikaanza kusoma habari zake. Huko Marekani mwenye gari hakupewa kitabu kwa huruma. Novemba 2012 wapiga kura wa jimbo la Massachusetts waliulizwa kwenye karatasi ya kura kama viwanda vilazimishwe kuwauzia wenye magari na gereji za mitaani taarifa zile zile zinazopewa gereji za kiwanda. Zaidi ya asilimia 80 wakasema ndiyo. Sheria ikagusa magari ya kuanzia modeli ya 2002, na Januari 2014 watengenezaji wakakubaliana na wauza spea na gereji huru kwamba mambo yawe hivyo nchi nzima. Ulaya walishatangulia kwa kanuni ya 2007: kiwanda kinatakiwa kiuze taarifa za matengenezo, na kanuni yao ya 2018 inataka mtu aweze kulipia kwa saa, kwa siku, kwa mwezi au kwa mwaka.

Kwa saa! Kama bando. Nililisoma hilo mara mbili. Sisi ndio tuliozoea kununua kila kitu kwa saa, na wanaouziwa ukurasa kwa saa ni wao. Afrika Kusini nao, tangu 1 Julai 2021, wana miongozo ya Tume yao ya Ushindani inayotaka gereji huru zipate taarifa za ufundi. Gari langu mimi limetoka Japani mtumba, likashushwa bandarini Dar, halina mtu anayehesabu kwamba mwenyewe wa sasa anahitaji ukurasa wowote. Gari limeuzwa mara mbili tatu, kitabu hakijauzwa hata mara moja.

Basi, nikafungua sehemu ya ule ugonjwa. Jumamosi asubuhi nikaenda Chikongola na simu, nikakalia ndoo iliyopinduliwa, fundi kashika spana, mimi nasoma na kutafsiri. Sehemu zinazoweza kuleta ugonjwa huo zilikuwa zimeorodheshwa, na uvujaji wa hewa kwenye njia ya kuingilia ulikuwa humo pamoja na sensa.

"Soma tena hapo, madam."

Nikasoma tena. Halafu kwa kuwa nafundisha fizikia, nikashindwa kujizuia, nikachora kwa kijiti mchangani. Hewa inaingia hapa, inapita kwenye sensa inayoipima. Kompyuta inatoa petroli kulingana na hewa iliyopimwa. Kama baada ya hapo kuna tundu, kuna hewa nyingine inaingia kwa mlango wa nyuma, haijapimwa, haijapangiwa petroli. Sensa ya oksijeni iliyoko kwenye ekzosi inaona hewa imezidi, inaripoti. Kompyuta inaongeza petroli, inaongeza, ikifika mwisho wake inawasha taa. Na kwa nini barabara ya Mikindani lilikuwa linakwenda vizuri? Kwa sababu ukikanyaga mafuta injini inavuta hewa nyingi sana, ile ya wizi inakuwa tone kwenye ndoo. Ukisimama, injini inavuta kidogo, na ile ya wizi inakuwa sehemu kubwa.

Fundi alikaa kimya akiangalia mchoro. "Kwa hiyo oksijeni ilikuwa inasema kweli."

"Inawezekana."

"Tulitaka kumfunga shahidi."

Kutoka hapo kazi ilikuwa yake, kitabu nikakifunga. Aliwasha gari, akachukua chupa ya maji ya sabuni, akawa ananyunyizia mipira mmoja mmoja huku kainamisha sikio lile la Land Rover. Alipofika kwenye mpira mdogo unaorudisha moshi wa injini kwenye njia ya hewa, yeye anauita mpira wa pumzi, mlio ukabadilika. Kidogo tu, mimi sikuusikia. Akaubana kwa koleo, gari likatulia kana kwamba mtu kalishika bega. Ulipotoka ulikuwa na ufa upande wa chini, upande ambao jicho halifiki, mpira umekauka kwa miaka 21 ya joto.

Mpira mpya, kipande cha mpira wa kuhimili mafuta, dukani mjini: Sh 4,000. Akanitoza 10,000 ya kazi na nikaona aibu, nikaongeza. Taa ikafutwa, haijarudi. Zile koili mbili za Kariakoo ninazo kabatini, zile za zamani alizotaka kutupa zimerudishwa kwenye gari, ziko hai zote nne.

Tangu hapo tumechapisha kurasa kama arobaini steshenari. Ule wa bolti za silinda hedi umewekewa plastiki na umetundikwa kwenye mwembe: newtoni-mita 29 kwanza, halafu geuza nyuzi 90, halafu 90 nyingine. Spana ya kupimia nguvu hana, nimeahidi kuchangia. Ila zile nyuzi 90 hazihitaji mashine, unaweka alama ya rangi kwenye kichwa cha bolti na kuigeuza robo mzunguko. Miaka yote alikuwa akikaza "mpaka isikie", na kwa Land Rover huenda ilitosha.

Kuna jambo ambalo bado linaniuma, ingawa halikunitokea mimi. Jirani yangu baada ya korosho kulipwa alinunua X-Trail, ile T31. Gereji moja, si hii, ikamshauri abadilishe oili ya giaboksi, ikatiwa ATF ya kawaida nyekundu, ile oili ya giaboksi za otomatiki. Giaboksi ile ni CVT, otomatiki ya mkanda isiyo na gia za hatua, inataka oili yake, NS-2. Haikuchukua mwezi, gari likawa linapiga kelele likipanda mlima, kisha likakataa kabisa. Siku moja nikamwomba kitabu chake cha dereva, Kijapani kitupu, nikapitisha kamera ya simu inayotafsiri. Kwenye jedwali la nyuma, katikati ya maandishi yale yasiyosomeka, NS-2 ilikuwa imeandikwa kwa herufi zetu hizi hizi. Hata tafsiri haikuhitajika. Kitabu kilikuwa kwenye droo muda wote, nusu mita kutoka kwenye giaboksi. Niliporudi nyumbani nikakitoa cha kwangu chini ya kompyuta.

Mtu ataniuliza kama sasa natengeneza mwenyewe. Hapana. Mikono yangu ni ya chaki. Najua tu kwamba kabla ya kutuma hela Kariakoo nauliza swali moja, tumepima nini, na fundi naye siku hizi ananiuliza mimi kabla sijamuuliza. Wateja wengine wameanza kulalamika kwamba anachelewa kwa sababu anasoma.

Nimeandika haya usiku, rundo la mitihani liko pembeni halijasahihishwa. Simu imeita sasa hivi. Ni picha ya ukurasa wenye michoro ya waya, ya Noah ya mtu, na sauti ya fundi kwa nyuma kuna jenereta: "Madam, samahani kwa usiku. Huu waya wa kijani wenye mstari mweupe wanasema unakwenda wapi? Mwenye gari anasafiri Masasi alfajiri."