Futa Sura, Acha Maneno

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wiki hii tafakari imechelewa, na safari hii siwezi kuwasingizia watu wa umeme. Nimechelewa kwa sababu sikuwa na uso wa kuwaandikia.

Jumatano jioni mwanangu wa pili, yule aliyeanza kidato cha kwanza, alirudi nyumbani kola ya shati ikining'inia na mdomo wa chini umevimba. Kuna kijana wa kidato cha tatu huwavizia wadogo njiani na kuwanyang'anya nauli. Siku hiyo wangu alikataa kutoa. Nikamkalisha kwenye kochi, nikamuuliza, "Na wewe ulifanya nini?" Akajibu, "Nilinyamaza, baba." Basi mimi, mwalimu wa vijana, miaka kumi na moja nashika chaki na Biblia, nikamwambia mtoto wa kunizaa: "Kesho akikugusa, okota jiwe. Mpasue. Hospitali nitalipa mimi."

Mama yake alisikia kutoka jikoni. Hakusema neno, ila sufuria zilisema.

Ijumaa nilikuwa natafuta daftari lake la hesabu, nikatia mkono kwenye begi, nikalikuta. Jiwe la saizi ya ngumi yake, limefungwa ndani ya soksi ya michezo, na soksi imepigwa fundo. Alikuwa ametembea nalo siku mbili. Na Jumapili, kwa ratiba iliyopangwa tangu Januari, somo la vijana lilikuwa Mathayo 5, shavu la pili. Nilifundisha dakika arobaini. Yeye alikaa benchi la tatu, ananitazama. Nilichosema sikikumbuki.

Usiku ule usingizi ulikataa kabisa, na mawazo yakanirudisha India.

Wengi mnajua nilisoma Mysore. Mwenzangu wa chumba pale hosteli alikuwa Mtibeti, ingawa Tibet yenyewe, nchi ya milimani iliyo chini ya utawala wa China, hajawahi kuitia machoni. Alizaliwa Bylakuppe, kilomita kama 80 kutoka Mysore, karibu na mto Kaveri. Bibi yake ndiye aliyevuka Himalaya kwa miguu, baada ya watu wa Lhasa, mji mkuu wa Tibet, kuinuka dhidi ya Wachina Machi 10, 1959, na Dalai Lama, kiongozi wao wa kiroho, kutoroka usiku wa Machi 17 amevaa kama askari wa kawaida. Watu kama 80,000 walimfuata. Serikali ya jimbo la Mysore iliwapa wengine pori huko Bylakuppe, wakafyeka, tembo wakawa wanaingia mashambani, na watu wa milimani waliozoea shayiri wakajifunza kulima mahindi. Mwenzangu alikuwa na kitambulisho cha mgeni katika nchi aliyozaliwa, na kila kikikaribia kuisha muda alikuwa anapanga foleni kukihuisha.

Zaburi ya 137 niliielewa kwa yule kijana. Sisemi mwanzo wake tu, ule wa kuketi kando ya mito na kulia, ambao kwaya zetu huuimba vizuri. Nasema na ule mstari wa mwisho ambao kanisani huwa tunauruka, ule wa watoto wachanga na mwamba. Mtu aliyeondolewa kwao anafika huko. Biblia haikuona aibu kuuandika.

Machi 10, 2012 alinichukua kwao. Siku hiyo kila mwaka wanaandamana. Watoto wamepakwa bendera mashavuni, wengine na bango mkononi kubwa kuliko wao. Nilikuwa nimetegemea kitu cha kimyakimya, mishumaa na macho yaliyofumbwa, maana picha yetu ya Wabudha ndiyo hiyo. Wapi! Kelele zilikuwa kama za mechi ya watani. Watoto wanajua nani kafungwa, kafungwa wapi, tangu lini.

Sasa, kulikuwa na kijana wa miaka kama kumi na miwili, bango lake limeandikwa maneno ya kudai wafungwa waachiwe, na chini yake kamchora askari wa Kichina ana pua ya nguruwe. Mwalimu wao, mzee mwembamba wanayemwita genla, yaani mwalimu kwa heshima, alimvuta kando ya mstari. Mimi nikasema moyoni, kofi hilo linakuja. Mzee alichuchumaa mpaka macho yao yakalingana, akasema kidogo sana. Nikamuuliza mwenzangu, anamwambia nini? Akanitafsiria: "Amemuuliza huyu aliyemchora ni nani. Mtoto kasema ni Mchina. Genla kamuuliza, yupi?"

Mtoto hakuwa na jibu. Mzee akatoa kalamu ya wino mzito mfukoni, akampa mtoto mwenyewe, na mtoto akaifuta ile sura, akaipaka weusi mpaka karatasi ikatoboka. Yale maneno hayakuguswa. Kisha mzee akampiga bega, akamrudisha mstarini, na yule mtoto akaendelea kupiga kelele kuliko wote mpaka sauti ikakatika.

Wapendwa, miaka imepita na bado naitazama kalamu ile. Kama angekuwa ni mimi, ningemnyang'anya bango zima. Ningemwambia, "Mtoto wa Mungu haandamani, kaa chini, tuombe." Au ningefanya kama nilivyofanya Jumatano: ningemwambia aongeze na pembe kwenye ule mchoro. Mimi nilikuwa na njia mbili tu, kunyamaza au jiwe, na mtoto wangu kazipata zote mbili kutoka kwangu. Ile ya kwanza nilimfundisha tangu akiwa mdogo, ndiyo maana alipoulizwa alifanya nini alijibu kwa namna ya kujitetea: nilinyamaza, baba. Alidhani nitamsifu.

Hapa ndipo Roho amenishika wiki hii, na naomba mnivumilie, maana nitasema kwa ukali kidogo, na ukali wa kwanza ni wangu mwenyewe.

Tunawafundisha watoto wetu kunyamaza, tukiita amani. Binti akija kusema mjomba anamshika vibaya, tunamwambia samehe mwanangu, usiaibishe ukoo. Kijana akisema hela za safari ya kwaya hazieleweki zilikokwenda, tunamwambia usiwaguse watumishi. Mke akija kwa mzee wa kanisa na jicho jekundu, anarudishwa na mstari wa kutii. Halafu tunashangaa. Mwizi wa kuku akikamatwa mtaani, nani anakimbilia tairi? Nendeni mkaangalie zile nyuso. Ni watoto tuliowabariki wenyewe, waliokariri Heri Wapatanishi wakapewa zawadi ya kikombe. Uchungu tuliowazibia mdomoni ulipata mlango mwingine, ukamwangukia mtu wa kwanza asiye na wa kumtetea.

Na nyumbani je? Nani kati yetu, tuseme kweli, hajamchapa mtoto kwa kosa la kumpiga mwenzake?

Yesu alipopigwa kofi mbele ya kuhani mkuu hakunyamaza. Someni Yohana 18. Aliuliza, kama nimesema vibaya onyesha, kama nimesema vyema wanipigia nini? Hakurudisha kofi, na hakumeza neno. Usiku huohuo alikuwa amemwambia Petro arudishe upanga alani. Mambo mawili, usiku mmoja, mtu mmoja. Sisi tumechukua la Petro tukaliacha lile la kuuliza.

Najua kuna atakayeniandikia: mwalimu, umeanza kutuletea Wabudha? Ndugu yangu, Bwana wetu alipotaka kumfundisha mwanasheria maana ya jirani, alimletea Msamaria. Tosha kwa hapo.

Tena msidhani Watibeti wamezaliwa na upole kwenye damu. Watu wa Kham, upande wa mashariki wa Tibet, ni wapiganaji tangu zamani. Walishika bunduki, Marekani ikawapa silaha kisha ikawaacha, na walipigana kutokea Mustang, Nepal, mpaka mwaka 1974, Dalai Lama alipowapelekea sauti yake kwenye kanda akiwaomba waziweke chini. Watu wazima walilia. Wapo waliojiua kuliko kuzisalimisha. Amani pale ilifundishwa, na ilifundishwa kwa maumivu. Watoto 51 wa kwanza waliopelekwa kulelewa Dharamshala, kaskazini mwa India, Mei 1960 walitoka kwenye kambi za ujenzi wa barabara, ambako wazazi wao waliokuwa wakimbizi walikuwa wanaponda mawe. Walifika wagonjwa na wamekonda, wakapokewa na Tsering Dolma, dada mkubwa wa Dalai Lama. Kama kuna watoto waliokuwa na haki ya kulelewa kwa kisasi, ni hao. Shule iliyoanzia kwa watoto hao ikachukua neno la kuwatanguliza wengine kabla ya nafsi. Mawe yalikuwepo tele, wapendwa. Wazazi wao walikuwa wanayaponda kutwa.

Kuna mtawa mmoja wa monasteri ya Namgyal, Lopon-la, ambaye Dalai Lama amemsimulia mara nyingi. Alikaa miaka 18 katika magereza na kambi za kazi za Wachina. Alipofika India akamwambia Dalai Lama kwamba kule ndani aliwahi kuwa hatarini mara kadhaa. Hatari gani? Akasema, hatari ya kupoteza huruma kwa Wachina.

Nimewahi kuitumia habari hii kwenye mahubiri, nikaitumia vibaya, kama habari ya mtu asiyekasirika. Safari hii nimeona lile neno dogo: mara kadhaa. Kumbe ilikaribia kumponyoka. Aliiona ikiondoka, akaiogopa kuliko alivyoiogopa fimbo ya mlinzi. Mimi Jumatano huruma yangu kwa yule kijana wa kidato cha tatu iliondoka, na sikuogopa hata kidogo. Nilijisikia baba.

Jioni ya siku ile Bylakuppe, tukila momo, vile vitumbua vyao vya unga vyenye nyama au mboga ndani, nyumbani kwa akina mwenzangu, nilimsifia genla, nikasema mtu yule hana hasira. Wakacheka wote, mpaka bibi alipotafsiriwa naye akacheka. Kaka yake genla alikufa gerezani Tibet. "Genla akikasirika," mwenzangu akasema, "anakwenda kupasua kuni. Ukiona rundo la kuni limekuwa kubwa nje kwake, usiende kuazima kitu." Vijana wale wanajua rundo la kuni la mwalimu wao. Wanaona hasira yake ilipo na anakoipeleka. Wangu mimi wanaona tai na tabasamu la Jumapili, kisha wanaona jiwe Jumatano.

Na hata baada ya mafundisho yote hayo, hawakubaliani. Mwenzangu alikuwa upande wa vijana wanaodai uhuru kamili. Bibi yake alishika njia ya kati ya Dalai Lama, ya kuomba kujitawala ndani ya China. Walibishana mezani mpaka chai ya siagi ikapoa.

Mwezi uleule, kule Delhi, kijana wa miaka 27, Jamphel Yeshi, Mtibeti naye, alijitia moto kupinga utawala wa China, akafa. Ndani ya Tibet wengine walikuwa wamemtangulia, na wengi walimfuata. Mwenzangu hakuja darasani siku tatu. Hapo sina mahubiri, na msiniombe. Nina neno moja tu kwa kijana anayesoma hapa ambaye moyo wake umefika mahali pa giza: nipigie, hata saa nane usiku. Usiogope kuniamsha. Hatutaanza na mistari. Tutaanza na wewe kusema.

Nirudi kwangu. Jumatatu nilimwita mwanangu nje, chini ya mwembe, ili mama yake asidhani naigiza. Nikaliweka lile jiwe kati yetu. Nikamwambia nilikosea, na nikamwomba msamaha. Aliangalia miguu yake muda mrefu. Kisha akasema, "Sawa baba. Lakini nauli yangu bado anachukua."

Ni kweli. Msamaha wangu haukumrudishia hata shilingi mia nne. Nikamuuliza anaitwa nani huyo kijana, na nikaona aibu kwamba tangu Jumatano sikuwa nimeuliza. Ana jina. Mama yake anauza maandazi pale stendi. Baba yake hajulikani aliko tangu mwaka juzi, na kijana mwenyewe huja shuleni kwa miguu.

Nimeongea na mwalimu wa zamu, nauli za wadogo zitaangaliwa, hilo lisemwe wazi na lisifichwe. Na kesho jioni mimi na mwanangu tunakwenda kwa yule mama. Nilimtumia ujumbe, akajibu neno moja, "Karibuni." Mwanangu amekubali kuja, ila amesema hataongea. Nimemwambia akitaka kuongea aongee, hata kwa sauti kubwa, mradi amtazame yule kijana akiwa anasema.

Jiwe bado liko chini ya mwembe. Tuombeeni.