Ngalawa au Mashua: Nilivyochagua Chombo cha Safari, Resi na Dago

Nilipostaafu ualimu nilirudi kwetu Mikindani nikitaka kupata chombo cha tanga kitakachonifikisha Sudi na Lindi bila kumbembeleza mtu, kitakachoniingiza katika resi za sikukuu, na ambacho ningeweza kukaa ndani yake wiki nzima nikiwa dago, yaani kambini mwa wavuvi mbali na nyumbani. Vyombo viwili vilikuwa vikiuzwa wakati ule. Kimoja kilikuwa ngalawa ya futi 20 iliyochongwa kwa gogo la mwembe, na cha pili mashua ya mbao ya futi 30, ambayo bei yake ilizidi mara tatu ya ngalawa. Wenyewe walikubali nivijaribu vyote viwili kabla ya kutoa pesa, nami nikachagua mwezi wa Agosti makusudi, kwa kuwa kusi, ule upepo mkali wa kutoka kusini, inapokuwa imeshika chombo hakiwezi kuficha ila zake.

Ndani ya ghuba, asubuhi, umande ukivuma kidogo kutoka bara, ngalawa haikuwa na mpinzani. Ni nyembamba, ni nyepesi, na matengo yake mawili, yaani mbao za pembeni zinazoizuia kupinduka, huifanya ibebe tanga kubwa kuliko umbo lake. Mashua ilikuwa bado inatafuta upepo wakati sisi tumekwisha kufika mlangoni mwa ghuba. Mambo yalibadilika tulipotoka nje na kukutana na mawimbi ya kusi, kwa sababu tengo la upande wa demani, yaani upande upepo unakoelekea, lilianza kuzama na kuvuta maji, mwendo ukapungua, na kijana mmoja akalazimika kutambaa hadi juu ya tengo la joshini, upande upepo unakotoka, ili uzito wake uiweke ngalawa sawa. Tulilowa mpaka mifukoni. Hata hivyo, katika kugeuza chombo ngalawa ilinifurahisha mno, maana foromali yake, ule mti unaobeba tanga, ni fupi na mtu mmoja huisimamisha wima, akaipitisha mbele ya mlingoti na kulitupa tanga upande wa pili huku mwenzake akishika usukani.

Kazi hiyohiyo katika mashua ilitaka watu watatu wenye nguvu, na mara ya kwanza tulipoijaribu tanga lilijisokota kwenye mlingoti, chombo kikaenda mrama kwa muda nilioona ni mrefu sana. Nahodha aliyekuwa akituongoza, mzee wa makamo ya baba yangu mdogo, hakupaza sauti. Aliniambia tu, “Mwalimu, kamba hiyo uliyoikalia ndiyo tunayoihitaji.”

Safari ndefu ndiyo iliyoipa mashua heshima yake. Kutoka Mikindani hadi Lindi ni kama maili 30 za bahari. Tuliondoka alfajiri kwa umande, na kusi ilipoamka tukawa nayo mgongoni, tukatia nanga Lindi baada ya adhuhuri, nguo zetu zikiwa kavu na magunia mawili ya mchele hayakuguswa na maji. Kurudi kulikuwa jambo jingine. Tanga la namna yetu halipendi kwenda joshi, na kila bisho, yaani kila tulipogeuza chombo ili kuupanda upepo, lilitugharimu jasho la kuzungusha foromali, hivyo safari iliyotuchukua nusu siku kwenda ilituchukua siku mbili kurudi, tukalala Sudi.

Usiku huo wa Sudi ndio ulionifundisha maana ya kuishi chomboni. Ilikuwa bamvua, wakati maji hujaa na kupwa kupita kiasi, na maji yalipokupwa mashua ilibaki juu ya mchanga. Tulikuwa tumetia magadi, yaani miti ya kuegemeza chombo, pande zote mbili, lakini gadi moja niliisimika mimi mwenyewe mahali penye matope, na usiku ule ikateleza. Mashua ililala ubavu polepole, kama ng’ombe anayejilaza, na sufuria ya wali tuliyoiwekea akiba ikamwagikia ndani ya ngama, chini kabisa ya chombo, kwenye maji yenye harufu ya samaki wa miaka yote. Tulikaa tumeinama hivyo hadi maji yalipojaa tena. Ngalawa isingetufanyia hivyo, kwani hukaa sawasawa juu ya matengo yake. Lakini pia ngalawa haina mahali pa kulaza hata mtoto, na mwenye ngalawa akiwa dago hulala ufukweni chini ya tanga lake, mvua ikinyesha akaipokea yote. Katika mashua tuna sanduku la mchanga la kuwekea jiko, tuna mahali pa kulala watu wanne, na turubai juu.

Kwa hiyo nilinunua mashua, ingawa matunzo yake ni mzigo ambao muuzaji hakuwa na haraka ya kuutaja. Maji huingia kila siku, na kata ya kukumbia haikai mbali na mkono. Inapopandishwa pwani huchomwa chini kwa moto wa makuti ili wadudu wanaotoboa mbao wafe, kisha fundi huziba nyufa kwa kalafati ya pamba, na chini hupakwa deheni, ule mchanganyiko wa chokaa na mafuta ambao haukutoka mikononi mwangu kwa siku tatu. Ngalawa ningeivuta tu mchangani na vijana watano nikaenda zangu kulala.

Kuhusu resi, nimekubali kwamba mashua yangu haitashinda kitu. Katika sikukuu zilizopita nilishiriki katika ngalawa ya mpwa wangu, na nafasi niliyopewa ni ile ya juu ya tengo la joshini, yaani kazi yangu ni uzito wangu. Kwa sasa fundi ananichongea foromali iliyo fupi kwa futi tatu kuliko ya zamani. Mwendo utapungua, lakini mimi na mpwa wangu tutaweza kuizungusha sisi wawili tu, na kusi ijayo tunataka kufika Kilwa Kivinje.