Kumbukumbu za usomaji: shujaa aliyestaafu

Jumamosi
Nimeanza Superfolks ya Robert Mayer, riwaya ya mwaka 1977. Ukurasa wa kwanza ni misiba mitupu. Batman na Robin wamekufa baada ya gari lao kugonga basi la watoto weusi waliokuwa wakipelekwa shule za vitongojini. Lone Ranger, yule shujaa wa hadithi za magharibi, amekutwa na mshale mgongoni, Tonto, mwenzake Mhindi Mwekundu, akiwa ametoka kwenye mkutano wa harakati huko Wounded Knee, kijiji cha Dakota Kusini. Superman hajulikani alipo. Hapo kuna magomvi mawili makubwa ya Marekani ya miaka ile: kuchanganya wanafunzi weusi na weupe kwa mabasi, na Wahindi Wekundu walioishikilia Wounded Knee kwa siku 71 mwaka 1973. Mayer alikuwa mwandishi wa safu gazetini, na inaonekana.

Jumatatu usiku
Mhusika mkuu ni David Brinkley. Aliacha ushujaa, akaoa, akahamia pembezoni mwa jiji, akanenepa. New York inaparaganyika na nguvu zake zinamtoroka. Anasikitisha kama mshambuliaji wa zamani kwenye bonanza la maveterani, anayeona pasi ikija lakini miguu haiendi. Sehemu hizi ndizo zinazonichekesha hasa. Mwili unaogoma hauhitaji maelezo.

Majina, lakini! David Brinkley halisi alikuwa mtangazaji wa habari wa televisheni ya NBC, Marekani. Kinachomdhoofisha shujaa kinaitwa Cronkite, na Walter Cronkite ndiye aliyekuwa akisoma habari kwenye televisheni ya CBS. Kurasa zimejaa utani wa namna hii, nami ninaandika kila jina kwa penseli nyuma ya daftari. Mengine nayaruka bila aibu. Utani wa kutafutiwa maelezo haukuchekeshi tena, unabaki kukuridhisha tu kwamba umeupata.

Alhamisi
Leo nimesoma kidogo, umeme ulikatika. Nimefika kwa Captain Mantra, dhihaka ya wazi kwa Captain Marvel, yule mtoto anayetamka neno moja akageuka jitu. Huyu amelazwa hospitali ya wagonjwa wa akili. Sikucheka, na sidhani Mayer alitaka nicheke.

Nikiimaliza narudi kwenye Watchmen ya 1986, hadithi ya katuni ya mashujaa iliyoandikwa na Alan Moore. Wapo wanaosema Moore alichota mengi kwenye Superfolks. Mpaka sasa naona ndugu wa mbali tu: Moore ana hasira, Mayer ana huruma na wazee wake.