Nilivyopima kama mgonjwa anahisi kugeuka

Wagonjwa wengi wa kizunguzungu ninaowafanyisha mazoezi hapa Moshi ni watu wazima, na kabla ya kuanza nataka kujua kama sikio la ndani bado linahisi mwili ukigeuka. Mashine sina. Nina kiti cha ofisi kinachozunguka, kitambaa cha kufunga macho, na simu niliyoibandika chini ya kiti kwa plasta. Sensa yake inanisomea kasi kwa nyuzi kwa sekunde.

Njia iliyozoeleka ni kumzungusha mtu polepole, unaongeza kasi kidogo kidogo huku ukiuliza, "Umehisi?" Bibi mmoja wa Kibosho alinionyesha kwa nini haitoshi. Kiti kimetulia tuli, naye akaitikia, "Ndiyo mwanangu, kinakwenda." Hakudanganya; alitaka kunisaidia. Akafuata fundi seremala, mtu asiyetamka neno mpaka awe na hakika, akanyamaza hata pale kasi ilipopanda. Kwa namba hizo bibi ana masikio makali na fundi ni mgonjwa, kumbe kilichopimwa ni tabia ya kila mmoja ya kujibu.

Nikaacha swali hilo. Sasa kiti lazima kigeuke kila mara, kulia au kushoto, kwa kufuata vikaratasi vilivyochanganywa kikombeni, na mgonjwa lazima ataje upande hata kama anabahatisha. Wa kubahatisha tupu atapatia nusu. Akipatia mara tatu mfululizo napunguza kasi, akikosea naongeza, mpaka tunatua kwenye kasi anayopatia karibu mara nane kwa kumi. Fundi yuleyule, huku akisisitiza kwamba hahisi kitu, alitaja upande sahihi karibu kila mara. Nilifurahi mno.

Swali la upande linaziba na mwanya mwingine. Beringi ikikwaruza, ngozi ya mgongo tu inatosha kumwambia mtu kwamba kiti kimeanza kwenda, lakini mtikisiko huo haumwambii kimekwenda wapi. Jua la dirishani na upepo wa feni ndivyo vinavyoweza kumwambia, kwa hiyo pazia linashushwa, feni inazimwa, nami nasimama nyuma yake kimya.

Muda wa mwendo nao una uzito wake. Mirija nusu duara ya sikioni hujibu kasi inapobadilika. Ukimzungusha mtu kwa kasi isiyobadilika, hisia hufifia ndani ya nusu dakika hivi, na ukisimama ghafla anahisi anazunguka upande wa pili. Ndiyo maana nageuza kwa sekunde moja tu, kisha tunapumzika hadi atulie kabisa.

Maabara zenye viti vya mota, kwa mwendo mfupi kama huo, huwakuta watu wenye afya wakitambua upande kwa karibu nyuzi 1 kwa sekunde, hata chini yake. Kiti cha kusukuma kwa mkono hakifiki huko, nami silinganishi. Namlinganisha bibi na bibi yuleyule baada ya mazoezi, na kwenye faili lake, kando ya namba, naandika swali nililomuuliza na muda wa kila mgeuko, ili mwenzangu atakayempima naye aulize vilevile.