Nilivyonunua nyumba chakavu Columbus kwa hela ya mchezo

Jamani naulizwa kila siku nilinunuaje nyumba na mimi ni CNA tu (msaidizi wa wauguzi) wa zamu za usiku, basi naandika mara moja yaishe.

Nyumba ipo huku Marekani, Columbus, Ohio, upande wa Linden. Ilikuwa chakavu kweli, paa linavuja, hita imekufa, bafu la juu vigae vimebanduka vyote. Bei dola 165,000. Mkopo wa kawaida wa FHA (shirika la serikali linalodhamini mikopo ya nyumba) nyumba ya hivyo hawaigusi, wanataka inayokalika, ila kuna wa kwao mwingine unaitwa 203(k), benki inakukopesha, serikali inadhamini, hela ya nyumba na ya ukarabati zinakaa kwenye mkopo mmoja. Mimi nilichukua ule mdogo wa Limited, mwisho ukarabati wa dola 75,000 (zamani 35,000, wamepandisha Novemba 2024), na kuta zinazobeba nyumba huruhusiwi kuzigusa. Ukarabati wangu ulikuja 38,000. Jumla 203,000, na skoo yangu ya krediti (alama za jinsi unavyolipa madeni) ilikuwa imepita 580 kwa hiyo kianzio asilimia 3.5, yaani 7,105.

Sasa hiyo 7,105 ndo ishu yenyewe. Ilikuwa hela ya mchezo, ule wa kuchangishana kila mwezi na mmoja anachukua zote. Tupo 15, kila mtu 500 kwa mwezi, na siku ya kura mimi niliokota namba 13, nikanuna wiki nzima. Zamu yangu ilipofika kijumbe, mama anayetukusanyia hela, akanitumia 7,500 kwa Zelle, ile ya kutumiana hela kwa simu, vipande vitatu siku tatu maana ina limiti. Benki ya kwanza wakaona steitimenti, wakauliza hizi hela zimetoka wapi, nikaeleza, yule kaka akaniangalia kama nauza unga. Akasema niache ikae miezi miwili kwanza. Miezi miwili nyumba itakuwa bado inanisubiri mimi?

Nikahamia kwa mkopeshaji mwingine, dada mmoja mtu mzima, huyo nilipomwambia tu akasema hiyo ipo kwenye kitabu cha FHA, vikundi vya kuwekeana hela vinakubalika, anachotaka ni barua ya mweka hazina, daftari, na ushahidi kwamba kikundi kipo siku nyingi. Nikampigia kijumbe, "Mama, benki wanataka daftari." Akashtuka, "Mwanangu, wanatukamata?" Ni kauntabuku lile la mistari, majina kwa peni ya bluu, tiki nyekundu, na ukurasa mmoja una doa la chai. Tukapiga picha kurasa zote, barua nikaiandika mimi kwa Kiingereza, yeye akasaini.

Swali lililobaki likawa je, hii siyo mkopo? Na hapa ndo namba 13 ikanibeba, nilikuwa nimeshachangia 6,500 ya kwangu, nimebakiza 1,000 tu. Ningepokea wa kwanza ningekuwa nadaiwa 7,000 na wangeihesabu kama deni, wangekuwa sahihi pia.

Mambo ya fundi sitaki hata kuyakumbuka. Ndugu yetu mmoja anapiga rangi vizuri lakini hana bima wala leseni, benki ikamkataa. Niliyempata alilipwa nusu mwanzoni kwa ajili ya vifaa, akaezeka paa, halafu akapotea wiki tano na Novemba inaingia, tunalala na makoti. Nusu iliyobaki ilikuwa imeshikwa na benki mpaka kazi ikaguliwe, na hiyo tu ndo iliyomrudisha, ingekuwa mkononi mwangu ningeshampa zamani kwa huruma.

Hita ikawaka, nikamwita kijumbe aje kuona, akakaa sebuleni kalishika kauntabuku lake analalamika. Mchezo mpya unaanza Januari na kila mtu anataka namba za mwisho, wa kwanza hapatikani.