Nakala nyingine iko wapi?

Leo nimerudia kusoma mwongozo wa git-annex, programu ya kufuatilia nakala za faili kubwa kwa msaada wa Git, aliyoianzisha Joey Hess mwaka 2010, na nimezidi kuamini kwamba ubora wake mkubwa ni uangalifu wake kuhusu nakala. Git yenyewe, programu ya kutunza historia ya mabadiliko ya faili ambayo Linus Torvalds aliiandika mwaka 2005 kwa ajili ya Linux, hulemewa ikipewa faili kubwa za picha au vipimo. Kwa hiyo git-annex huiachia kumbukumbu ya mabadiliko tu, na faili zenyewe hukaa kwenye diski ya nje, kwenye seva ya chuo au kwa mtafiti mwenzako. Kila faili hutambulishwa kwa alama inayokokotolewa kutokana na yaliyomo, na ikibadilika hata tarakimu moja, alama nayo hubadilika. Ndiyo maana naweza kupokea nakala kutoka kwa yeyote na kuihakiki mwenyewe.

Ninachokithamini zaidi ni amri ya kufuta. Ukiiagiza programu iondoe faili kwenye kompyuta yako, kwanza huthibitisha kwamba ipo nakala mahali pengine, na isipoipata hukataa. Idadi ya nakala zinazotakiwa huipanga mwenyewe, na usipoipanga huwa ni 1, idadi ninayoiona ndogo mno kwa vipimo visivyorudiwa, kama vile mvua ya mwaka uliopita.

Wengi husifu IPFS, mtandao wa kuhifadhi faili kwenye kompyuta nyingi bila kitovu kimoja, kana kwamba kilichowekwa humo hakipotei kamwe. Sikubaliani nao. Anwani ya faili haibadiliki, ni kweli, lakini faili yenyewe hudumu pale tu ambapo kuna kompyuta iliyoamua kuishikilia. Dat, mradi wa kushirikishana data moja kwa moja kati ya kompyuta ulioanza mwaka 2013, nao ulitegemea kwamba mwenye data, au mwingine mwenye nakala, yuko hewani. Kutokuwa na kitovu kimoja hakuondoi wajibu wa kutunza, bali kunaugawa, na wajibu uliogawanywa bila majina ya wahusika husahaulika upesi.

Kwa data za wagonjwa nina hofu ya aina nyingine, kwa kuwa nakala ikishasambaa hakuna awezaye kuirudisha. Hapo ningetoa historia na orodha ya faili peke yake, jambo ambalo git-annex inaliruhusu, faili zenyewe zibaki kwenye seva ya hospitali hadi mwombaji apate kibali, na ningehakikisha kwamba hata majina ya faili hayamtaji mgonjwa.